INJINI INAYOTAKA KUNYWA OILI: Somo la Kukagua Mirija ya Oili katika Injini ya Rota



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma makala kuhusu ngeli, methali na uandishi wa insha. Hayo yote ni mazuri. Hata hivyo, kuna wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa tu, ati mambo ya mashine yataka Kiingereza. Mimi kila likizo huwa katika gereji ya mjomba wangu, na humo sijasikia kazi ikikwama kwa kukosa neno. Basi mwaka huu naomba mniruhusu nitoe somo la gereji. Tutajifunza jinsi ya kukagua mirija myembamba inayopeleka oili ndani ya injini ya rota, kama ile iliyomo katika magari ya Mazda RX-7 na RX-8.

Kabla hatujaingia, tukubaliane kuhusu neno moja. Kiswahili chetu hutumia "mafuta" kwa petroli, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia na hata ya kujipaka. Ukimwambia fundi "mafuta yamekwisha" atakuuliza, "Mafuta gani?" Kwa hiyo katika somo hili nitasema "oili" kwa ile ya kulainisha injini, na "petroli" kwa ile inayochomwa ili gari liende. Msizichanganye, maana somo lote linategemea tofauti hiyo.

1. INJINI YA ROTA NI IPI?

Injini tuliyozoea ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Injini ya rota haina pistoni wala valvu za kufunguka na kufungwa. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye pembe tatu, pande zake zimefura kidogo kama mandazi. Hicho ndicho rota. Rota huzunguka ndani ya nyumba yenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Ncha zake tatu hugusa ukuta wa nyumba hiyo wakati wote, na kwa hiyo hutenga vyumba vitatu. Chumba kimoja kikivuta hewa na petroli, kingine kinabana na kuchoma, na cha tatu kinatoa moshi. Rota ikizunguka mara 1, shafti ya injini huzunguka mara 3. Wapenzi wa hisabati watakubali kwamba shafti ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, rota zenyewe zinakwenda mizunguko 2,000 tu.

Mwenye wazo hili alikuwa Mjerumani Felix Wankel (1902–1988). Injini ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mwaka 1967 NSU ilitoa gari la Ro 80, na mwaka huo huo Mazda ya Japani ikatoa Cosmo Sport. RX-7 ilianza kuuzwa 1978 na ikakoma 2002. RX-8 ikafuata kuanzia 2003 hadi 2012. Mwaka 1991 gari la Mazda 787B lenye rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa. Mwaka 2023 Mazda iliirudisha rota katika gari la MX-30, lakini hapo kazi yake ni kuzalisha umeme tu.

Nimetaja historia hiyo kwa sababu ugonjwa wa injini hii ni ule ule tangu mwanzo, nao uko kwenye zile ncha tatu. Kila ncha ina kipande chembamba cha kuziba kinachoitwa sili ya ncha. Wahandisi wa Mazda walipoanza, sili hizo zilikuwa zikichora mikwaruzo ukutani mwa nyumba ya rota, na wao wakaiita mikwaruzo hiyo makucha ya shetani. Nazo Ro 80 nyingi zilirudishwa kwa watengenezaji kwa sababu ya sili kuisha mapema. Sili ikiisha, injini imekwisha.

2. KWA NINI LAZIMA ICHOME OILI?

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika injini ya pistoni, oili hurushwa kutoka chini hadi kwenye ukuta wa silinda, na pete za pistoni huikwangua ishuke tena. Ukuta haukosi unyevu. Injini hiyo ikianza kumaliza oili na kutoa moshi wa buluu, tunajua ni mgonjwa.

Katika injini ya rota mambo ni kinyume. Oili iliyo ndani huipoza rota na kulainisha beringi, lakini imezuiwa na pete maalum ubavuni isitoke kwenda kwenye vyumba vya kuchomea. Kwa hiyo ile sili ya ncha inayosuguana na ukuta maelfu ya mara kila dakika haipati hata tone kutoka huko. Ndiyo maana wahandisi waliweka pampu ndogo ya kupimia oili. Kazi yake ni kutoa matone machache kutoka sampu na kuyapeleka ndani ya vyumba kupitia mirija myembamba. Tone hulainisha sili, kisha huchomeka pamoja na petroli na kutoka kwenye ekzosi.

Wavuvi wa Ziwa Victoria na wa pwani wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Wenye mashua za mota za zamani huchanganya oili na petroli katika tangi moja, kwa kuwa mota hizo pia huchoma oili yake. Injini ya rota ni ndugu yao kwa tabia hiyo.

Mafundi hukadiria kwamba injini hii ikiwa nzima humaliza kadiri ya lita 1 ya oili kwa kilomita elfu mbili hivi, ikizidi au kupungua kulingana na gari na uendeshaji. Basi shikeni kanuni ya somo hili: injini ya pistoni ikila oili, uliza kwa nini, injini ya rota isipokula oili, uliza upesi zaidi.

3. MIRIJA IKO WAPI?

Nitatumia mfano wa RX-7 ya miaka ya 1986 hadi 1988, kwa kuwa ndiyo niliyoishika kwa mikono yangu. Injini yake ni 13B, yenye rota mbili za sentimita za ujazo 654 kila moja, jumla 1,308. Pampu ya kupimia imefungwa mbele ya injini na huzungushwa na shafti. Kuna fimbo inayoiunganisha na mlango wa hewa unaofunguliwa na kanyagio la petroli. Ukikanyaga zaidi, pampu hutoa zaidi.

Kutoka kwenye pampu hutoka mirija 4 ya plastiki, myembamba kama mrija wa kalamu ya wino. Miwili huenda moja kwa moja kwenye nyumba za rota, na miwili huenda kwenye manifoldi ya hewa. Mwisho wa kila mrija kuna nozeli yenye valvu ndogo ya njia moja, yaani inaruhusu kwenda na kuzuia kurudi. Nozeli pia huunganishwa na kimpira cha hewa. Bila hewa hiyo, mvuto wa injini ungefyonza oili ovyo badala ya kupokea kipimo kilichotolewa na pampu.

Tatizo la plastiki ni joto. Miaka ikipita inageuka rangi, inakauka na kuwa kama tambi isiyopikwa. Ukiigusa vibaya, kacha! imevunjika.

4. "HII GARI IMEPONA"

Likizo ya Desemba iliyopita alikuja mzee mmoja na RX-7 ya 1987, nyekundu, imetunzwa vizuri. Alikuwa mwenye furaha.

"Fundi, hii gari imepona," akasema. "Zamani nilikuwa naongeza oili kila mara. Sasa nimeenda karibu kilomita elfu mbili na mia tano, sijaongeza hata kikombe."

Mimi nilitaka kumpongeza, lakini Mjomba hakucheka. Alimwambia tu, "Mzee, tafadhali izime kwanza. Nani aliitengeneza?"

Kumbe mzee alikuwa amepita katika gereji fulani akalalamika juu ya gharama ya oili. Huko walimwambia kwamba gari linalokunywa oili ni bovu, wakampa "dawa". Tulipofungua boneti tukaiona dawa yenyewe. Mirija miwili ya nyumba za rota ilikuwa imeondolewa, na matundu yake yamezibwa kwa bolti kwenye pampu na kwenye injini. Ile miwili ya manifoldi ilikuwepo, lakini mmoja ulikuwa na ufa karibu na pampu, na matone yake yalikuwa yamechanganyika na vumbi hadi yakawa matope meusi.

Kwa hiyo kati ya mirija 4, mmoja tu ndio uliokuwa ukifanya kazi. Mzee alikuwa akifurahia jambo lililokuwa likimuulia injini.

Mjomba alitoa plagi moja ya kila rota, akapiga stata huku tukisikiliza. Rota nzima hutoa pumzi tatu zinazolingana: puf, puf, puf. Ya mbele ilifanya hivyo. Ya nyuma ilitoa pumzi moja yenye nguvu na mbili hafifu. Hebu fikirini kwa nini mbili, si moja. Sili ya ncha ni kama ukuta kati ya vyumba viwili. Ukuta ukitoboka, vyumba vyote viwili vinavuja. Basi tulijua kwamba sili moja ya rota ya nyuma imekwisha kuliwa.

5. HATUA ZA UKAGUZI

Sasa nitaeleza hatua kwa utaratibu, jinsi Mjomba alivyonionyesha. Injini iwe baridi katika hatua ya kwanza hadi ya tatu. Usivae tai wala mikono mirefu karibu na feni, na mtu yeyote asivute sigara hapo.

Hatua ya 1: Soma kijiti na uandike. Gari liwe pahali tambarare. Pima kiwango cha oili, andika tarehe na kilomita, kisha pima tena kila unapojaza petroli, injini ikiwa katika hali ile ile. Kumbukumbu ya daftari haidanganyi kama kumbukumbu ya kichwa. Oili isipopungua, endelea na hatua zifuatazo bila kuchelewa. Ikipungua, usikimbilie kufurahi. Hakikisha kwanza kwamba haivuji chini.

Hatua ya 2: Fuata mirija kwa macho. Shika tochi, anza kwenye pampu, ufuate mrija mmoja mmoja hadi mwisho. Tafuta ufa, sehemu iliyogeuka kahawia, mahali unapokwaruzwa na chuma, na unyevu uliokusanya vumbi. Hesabu mirija: je, yote ipo? Usiikunje ili "kuijaribu", kwa kuwa mrija mkavu uliokuwa mzima utavunjika mikononi mwako.

Hatua ya 3: Kagua viungo. Mrija hufungwa kwa bolti yenye tundu katikati, na pande mbili za kiungo kuna washa bapa za chuma laini. Washa hizo hubanwa mara moja tu. Ukifungua bolti, weka washa mpya. Washa ya zamani huingiza hewa, na hewa ikiingia oili haitembei.

Hatua ya 4: Tazama mapovu. Safisha mirija kwa kitambaa, washa injini, uiache ipate joto. Mirija ya aina hii hupenyeza mwanga, kwa hiyo mmoja ashike tochi nyuma ya mrija. Ukiona kipovu kimoja kinasafiri polepole kutoka pampu kuelekea nozeli, oili inakwenda. Kipovu kikisimama pale pale hata injini ikiongezwa mwendo, pampu haisukumi au nozeli imeziba. Mapovu yakija mfululizo bila kuisha, kuna mahali hewa inaingia. Kazi hii inahitaji subira, maana oili hapo hutembea mwendo wa konokono.

Hatua ya 5: Kagua fimbo ya pampu. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage kanyagio taratibu. Mkono wa pampu ugeuke na kurudi wenyewe. Fimbo ikiwa imetoka, pampu itabaki kwenye kipimo cha chini hata gari likienda kasi, na hapo ndipo sili huumia zaidi.

Hatua ya 6: Jaribu nozeli. Itoe uioshe. Kwa kipampu cha mkono, sukuma hewa kutoka upande wa oili kuelekea upande wa injini: ipite. Kisha fyonza: isirudi. Isipopita, nozeli imeziba kwa masizi. Ikirudi, valvu imekufa na nozeli ibadilishwe. Usisahau kile kimpira cha hewa. Kikipasuka au kuziba, kipimo chote kinaharibika.

Hatua ya 7: Pima pampu yenyewe. Hii ni ya fundi mzoefu. Mirija hufunguliwa, injini ikaendeshwa kwa mwendo na muda uliowekwa, na oili inayotoka ikakusanywa katika kichupa chenye alama. Kiasi hicho hulinganishwa na kitabu cha gari lenyewe. Kwa kuwa wakati huo sili hazipati oili, ni lazima petroli ya tangini iwe imechanganywa na oili ya mota za mashua au pikipiki za kuchanganya. Wenye magari haya wengi hutumia sehemu 1 ya oili kwa sehemu 100 hivi za petroli.

Neno kwa wenye RX-8: pampu yenu huendeshwa na kompyuta. Pampu ikikataa, taa itawaka na gari litapunguziwa nguvu. Lakini kompyuta huangalia pampu tu. Haioni mwisho wa mrija. Mrija ukipasuka, taa haiwaki. Kwa hiyo msiseme, "Taa iko kimya, basi mambo ni sawa." Tena, kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo RX-8 zilizopo nchini ndizo hizo. Zikiharibika, hakuna zingine zinazokuja bandarini.

6. TULIFANYA NINI?

Tulitoa bolti zile, tukarudisha nozeli na kuweka mirija mipya minne ya plastiki inayostahimili joto na oili. Msidanganywe kuweka kimpira cha kawaida cha hewa; oili hukilainisha kikavimba. Kabla ya kuifunga, tulijaza kila mrija oili kwa sindano, maana pampu hutoa matone tu, na mrija mtupu ungechukua muda mrefu kujaa huku sili zikisugua kavu. Katika tangi la kwanza tuliongeza oili ya kuchanganya pia.

Injini iliwaka na mapovu yakatembea. Hata hivyo Mjomba hakumficha mzee ukweli. Alimwambia, "Mzee, mirija inazuia ugonjwa usiendelee. Sili iliyoliwa hairudi. Siku moja tutaifungua hii injini, lakini sasa ni wewe utachagua siku, si yenyewe." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni oili gani anunue aweke ndani ya buti. Hapo nilijua ameelewa somo.

Mirija minne na washa zake ni kazi ya siku moja. Kufungua injini ni kazi ya wiki nzima na spea za kuagizwa kutoka ng'ambo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini hii ufa na ukuta ni vitu unavyoweza kuvionyesha kwa kidole.

HITIMISHO

Wasomaji wapenzi, si kila kinachopungua ni hasara, wala si kila kinachobaki ni faida. Kabla ya kusema mashine ni mgonjwa, jua kwanza iliundwa ifanye nini. Gereji ile ya awali haikukosa spana; ilikosa maelezo. Nasi tunaojifunza Kiswahili tuna wajibu wa kuyatoa maelezo hayo kwa lugha ambayo fundi, mwenye gari na mwanafunzi wataielewa wote. Kwa hayo machache, kalamu yangu inaomba kupumzika. Kiswahili kitukuzwe!

MSAMIATI

Manifoldi: mabomba yanayoingiza hewa ndani ya injini.
Nozeli: ncha yenye tundu dogo inayopitisha oili kwa matone.
Rota: kipande chenye pembe tatu kinachozunguka badala ya pistoni.
Sampu: bakuli la chini ya injini linalohifadhi oili.
Sili ya ncha: kipande chembamba kinachoziba kati ya ncha ya rota na ukuta.
Washa: pete bapa inayobanwa kwenye kiungo ili kisivuje.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini injini ya rota huhitaji kuchoma oili ilhali ya pistoni haihitaji.
2. Shafti ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, rota huzunguka mara ngapi?
3. Umeona kipovu kimesimama ndani ya mrija injini ikinguruma. Taja sababu mbili.
4. Kwa nini sili moja iliyoharibika hudhoofisha pumzi mbili?
5. Andika mazungumzo kati ya fundi na mwenye gari anayeamini kwamba gari lake "limepona". Tumia angalau maneno manne ya msamiati.